Dola Mia za Munn, Dola Mia za Young

Mwaka 1872 mahakama ya jinai ya Kaunti ya Cook, jijini Chicago, iliwatoza Ira Munn na George Scott faini ya dola 100. Wawili hao walikuwa na ghala kubwa la nafaka, na shtaka lilikuwa kwamba walifanya biashara bila leseni ya jimbo la Illinois na kutoza ada iliyozidi kiwango cha sheria. Kwa watu wa hadhi yao, dola 100 hazikuwa fedha za kukosesha usingizi. Munn aliwahi kuwa rais wa Board of Trade, soko la nafaka la jiji hilo. Hata hivyo walikata rufaa, wakashindwa katika mahakama ya juu ya jimbo, wakapanda hadi Washington. Faini ile ilikaa mahakamani karibu miaka mitano, na hukumu iliyotoka ikafungua mabishano yaliyodumu vizazi kadhaa.

Mabishano hayo husimuliwa kama ugomvi wa bei: je, serikali ina haki ya kumpangia mtu binafsi atoze kiasi gani? Swali ni zito. Lakini ukizifuata kesi zenyewe moja baada ya nyingine, utaona bei inasogea pembeni na swali jingine linakaa katikati. Mtu anayeona sheria inamwonea anaingia mahakamani kwa mlango gani, na kabla hajaingia analazimika kuhatarisha nini?

Chicago kwanza. Kabla ya reli, ngano ya magharibi mwa Marekani ilisafiri katika magunia, na kila gunia lilibaki mali ya mwenyewe mpaka lilipouzwa. Reli na injini ya mvuke vilibadili mambo. Kando ya Mto Chicago vilijengwa vihenge virefu vya mbao ambamo mikanda yenye ndoo ilipandisha nafaka juu, ikapimwa, kisha ikamwagwa ndani ya mapipa makubwa. Vidogo vilibeba busheli 300,000, vikubwa vilifika milioni moja. Katika wingi huo hapakuwa na nafasi ya kutenganisha ngano ya mkulima huyu na ya yule. Kuanzia mwaka 1856 Board of Trade ikaweka madaraja, na ngano ya daraja moja ikachanganywa pamoja. Mwenye mzigo alipewa stakabadhi ya ghala inayosema anadai busheli kadhaa za daraja fulani.

Mkulima wa korosho wa Mtwara hahitaji maelezo marefu hapa. Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na anajua kwamba karatasi ile inaweza kuuzwa au kuwekwa rehani benki huku mzigo wenyewe haujasogea. Anajua pia mahali panapouma: mizani, daraja, na uaminifu wa anayeshika funguo.

Walioshika funguo za Chicago walikuwa wachache. Jiji lilikuwa na vihenge 14 vya aina hiyo mwaka 1874, na viliendeshwa na kampuni tisa. Kila Januari kampuni hizo zilitangaza magazetini ada za mwaka mzima, na ada hizo zilikuwa zimekubaliwa baina yao kabla ya kutangazwa. Reli nazo zilikuwa na mapatano yake: kila kampuni ya reli ilimwaga nafaka katika ghala la mshirika wake, atake asitake mwenye mzigo. Mkulima wa Iowa hakuwa na pa kukwepea.

Masimulizi ya kawaida humpa mkulima huyo sifa zote. Ni kweli kwamba chama cha wakulima kilichoitwa Grange, kilichoanzishwa mwaka 1867, kilienea kama moto wa nyika na kuyatikisa mabunge ya majimbo ya kati. Lakini Illinois ilipoandika katiba mpya mwaka 1870 na kuweka humo ibara nzima kuhusu maghala, waliosukuma kwa nguvu walikuwa pia wafanyabiashara wa Chicago wenyewe. Miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa katiba alikuwamo Joseph Medill wa gazeti la Chicago Tribune. Mnunuzi wa stakabadhi aliumia kuliko mtu yeyote pale ghala lilipotoa karatasi zisizo na nafaka nyuma yake. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria: mwenye ghala katika jiji kubwa awe na leseni, aweke dhamana ya dola 10,000, na asitoze zaidi ya senti 2 kwa busheli kwa siku 30 za kwanza, kisha nusu senti kwa kila siku 15 zinazofuata.

Munn na Scott walikuwa na sababu ya ziada ya kutopenda wakaguzi. Mwaka ule ule wa faini ilibainika kwamba baadhi ya mapipa yao yalikuwa yamewekewa sakafu ya uongo karibu na juu, na juu ya mbao hizo ikatandazwa nafaka. Mkaguzi aliyechungulia aliona pipa limejaa. Kampuni ilifilisika, wote wawili wakafukuzwa Board of Trade, na maghala yakaangukia mikononi mwa wengine. Kwa hiyo kesi iliyobeba jina la Munn mbele ya Mahakama ya Juu ilikuwa ya kampuni iliyokwisha kufa.

Hoja ya mawakili wao ilitegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Marekebisho hayo yaliandikwa hasa kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani, na yanakataza jimbo kumnyang’anya mtu uhai, uhuru au mali bila mwenendo wa haki wa kisheria. Mawakili wakasema: kumpangia mtu ada ya ghala lake ni kumnyang’anya mali.

Tarehe 1 Machi 1877 Jaji Mkuu Morrison Waite aliikataa hoja hiyo, na majaji sita wakawa naye. Alikwenda kuchota msaada mbali, kwa Sir Matthew Hale, jaji wa Uingereza wa karne ya 17, aliyeandika kuhusu bandari, vivuko na gati. Mwenye gati pekee katika bandari, alifundisha Hale, hawezi kujitozea atakavyo, kwa sababu mali yake imeingia katika maslahi ya umma. Waite aliona vihenge vya Chicago viko katika hali hiyo hiyo: vimesimama kwenye lango la biashara ya majimbo mengi na vinamtoza ushuru kila apitaye. Jaji Stephen Field wa California alipinga kwa ukali. Kwa mantiki hii, alionya, hakuna nyumba wala biashara itakayonusurika, kwa maana umma una maslahi katika kila kitu.

Kilichowaudhi zaidi wenye reli, ambao kesi zao ziliamuliwa siku hiyo hiyo na kwa msingi huo huo, kilikuwa jambo la utaratibu. Waite alikiri kwamba bunge linaweza kutumia vibaya mamlaka ya kupanga bei. Dawa yake, alisema, iko kwenye sanduku la kura. Watu wasiikimbilie mahakamani. Illinois ilikuwa imeshaonja dawa hiyo kwa namna ya ajabu. Jaji Mkuu wa jimbo, Charles Lawrence, aliandika mwaka 1873 hukumu iliyoibatilisha sheria ya nauli za reli. Miezi michache baadaye wakulima walimwondoa kwa kura.

Mlango huo uliofungwa na Waite ulifunguliwa tena mwaka 1890, na kilichoufungua ni maziwa. Tume ya reli na maghala ya jimbo la Minnesota iliamuru kwamba kusafirisha maziwa kutoka Owatonna na vituo jirani kwenda miji ya St. Paul na Minneapolis kugharimu senti 2 na nusu kwa galoni, badala ya senti 3. Kampuni ya reli ilipotaka kuleta ushahidi kwamba kiwango hicho hakitoshi, mahakama ya jimbo ikajibu kwamba neno la tume ni la mwisho. Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua. Iwapo kiwango ni cha haki au la, ilisema, ni swali ambalo lazima mahakama iweze kulichunguza. Jaji Joseph Bradley, aliyemsaidia Waite kuandaa hukumu ya 1877, alilalamika katika maoni yake ya kupinga kwamba kesi ya Munn imezikwa kimyakimya. Alikuwa na haki ya kulalamika. Kwa nusu senti ya maziwa, kazi ya kupima bei ilihama kutoka bungeni kwenda kwa majaji, na mwaka 1898, katika kesi ya nauli za Nebraska, majaji hao wakajipa pia jukumu la kukadiria thamani ya reli nzima ili waone kama faida yake inatosha. Upande wa jimbo ulikuwa na William Jennings Bryan miongoni mwa mawakili wake, naye akashindwa.

Enzi iliyofuata imepewa jina la mwoka mikate. Joseph Lochner wa mji wa Utica, New York, alitozwa faini ya dola 50 kwa kumfanyisha kazi mwajiriwa wake zaidi ya saa 60 kwa wiki. Mwaka 1905 Jaji Rufus Peckham, kwa kura tano dhidi ya nne, alisema sheria hiyo inaingilia uhuru wa mtu kufanya mkataba. Hukumu yenyewe imeandikiwa hadi wino umekauka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba miongoni mwa waliomtetea Lochner alikuwamo Henry Weismann, kiongozi wa zamani wa chama cha waoka mikate, ambaye miaka kumi kabla alikuwa mstari wa mbele kuidai sheria ile ile. Katikati hapo alikuwa amefungua tanuri lake mwenyewe na kusoma sheria. Tumbo lilikuwa limehamia upande wa pili wa kaunta.

Peckham huyo huyo ndiye aliyeandika hukumu ya Edward Young miaka mitatu baadaye, na hapa ndipo utaratibu ulipochukua nafasi yote.

Mwaka 1907 bunge la Minnesota lilishusha nauli ya abiria hadi senti 2 kwa maili na kupunguza viwango vya mizigo mingi. Safari hii watunga sheria waliweka meno. Kwa sheria ya nauli, ofisa au wakala aliyeuza tiketi kwa bei ya zamani aliweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000, au kufungwa hadi miaka mitano, au yote mawili. Kwa sheria ya mizigo, jela ya hadi siku 90. Nia ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kampuni iliyotaka kujua kama sheria ni halali ilipaswa kwanza kumpata mfanyakazi aliye tayari kuivunja, akamatwe, kisha atumaini kwamba majaji watamwokoa. Haikuwa hofu ya kufikirika. Katika jimbo la North Carolina, mwaka huo huo, wakala wa kuuza tiketi mjini Asheville alihukumiwa siku 30 za kazi ngumu kwenye genge la wafungwa wa minyororo kwa kuuza tiketi kwa bei ya zamani, akatolewa na jaji wa shirikisho. Nani angekubali kuwa wa pili?

Wanasheria wa reli wakapata njia ya kuzunguka. Walioshtaki hawakuwa kampuni, walikuwa wanahisa. Mmoja baada ya mwingine waliishtaki kampuni yao wenyewe katika mahakama ya shirikisho, wakiomba izuiwe kuitii sheria mbovu, na pamoja nayo wakamshtaki Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Edward Young, wakiomba azuiwe kuitekeleza. Msomaji atashuku kwamba kampuni ya Northern Pacific haikuhuzunika sana kushtakiwa namna hiyo, na atakuwa sahihi.

Young alijibu kwa ngao ya zamani. Marekebisho ya 11 ya Katiba, ya mwaka 1795, yanazuia jimbo kushtakiwa na raia wa jimbo jingine katika mahakama za shirikisho, na kumshtaki Mwanasheria Mkuu, alisema, ni kulishtaki jimbo lenyewe. Ngao hiyo ina asili katika sheria ya Uingereza, ambako mfalme hakuweza kuburutwa mbele ya mahakama zake bila ridhaa yake, na ilisambaa kila mahali ilikofika sheria hiyo. Tanzania ilikuwa nayo kwa sura nyingine: raia alihitaji kibali cha Waziri ili aishtaki Serikali, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokitupa kifungu hicho mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun.

Tarehe 23 Septemba 1907 Jaji William Lochren, mkongwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alitoa zuio la muda: Young asiitekeleze sheria ya viwango vya mizigo. Kesho yake, tarehe 24, Young akaenda mahakama ya jimbo kuomba amri ya kuilazimisha Northern Pacific kufuata sheria ile ile. Alijua anachokifanya, alitaka kuona nani ana nguvu zaidi. Lochren akamtia hatiani kwa kuidharau mahakama, akamtoza faini ya dola 100, akaamuru awe chini ya ulinzi wa ofisa wa shirikisho mpaka aondoe ombi lake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo sasa alikuwa mtu anayeshikiliwa, naye akafanya kama afanyavyo mtu yeyote anayeshikiliwa: akaiomba Mahakama ya Juu ichunguze uhalali wa kushikiliwa kwake.

Jibu lilitoka tarehe 23 Machi 1908. Majaji wanane walikuwa upande mmoja, John Harlan peke yake upande wa pili. Peckham alisema mambo mawili. La kwanza, adhabu kali kiasi cha kumtisha mtu asithubutu kwenda mahakamani ni sawa na kumnyima mahakama, na sheria yenye adhabu za namna hiyo ni batili kwa sura yake yenyewe, hata kabla ya kupima kama bei inatosha. La pili ni ujanja wa kisheria ambao bado unawachekesha wanafunzi. Ofisa anayetekeleza sheria iliyo kinyume cha Katiba, alisema, amevuliwa joho la jimbo. Amebaki mtu binafsi anayetenda kosa, na mtu binafsi anaweza kuzuiwa. Lakini Marekebisho ya 14 yanalihusu jimbo, hayamhusu mtu binafsi. Kwa hiyo Young alikuwa jimbo alipovunja Katiba, na hakuwa jimbo aliposhtakiwa. Harlan aliuona mwanya huo na kuupigia kelele: majimbo yatafungwa midomo katika mahakama zao wenyewe, kwa kuwa hayana njia ya kusema ila kupitia maofisa wao.

Hasira ilikuwa kubwa, na Bunge la Marekani liliisikia. Mwaka 1910 lilipitisha kanuni kwamba jaji mmoja wa shirikisho asiweze peke yake kuisimamisha sheria ya jimbo kwa zuio la muda. Ombi hilo lisikilizwe na majaji watatu, na rufaa iende moja kwa moja Mahakama ya Juu. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1976 kabla ya kufutwa kwa sehemu kubwa.

Na bei zenyewe? Mwaka 1913 Jaji Charles Evans Hughes aliandika hukumu ya mwisho juu ya viwango vya Minnesota. Northern Pacific na Great Northern zilishindwa. Hazikuthibitisha kwamba senti 2 kwa maili zinawanyang’anya wanahisa mali yao. Reli ndogo ya Minneapolis & St. Louis peke yake ndiyo iliyookoka. Wakubwa walishinda vita vya kupata mlango, wakaingia, wakapoteza kile walichokijia. Hughes huyo ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu mwaka 1934, wakati muuza duka wa Rochester aitwaye Leo Nebbia alipofikisha Mahakama ya Juu faini yake ya dola 5. Bodi ya maziwa ya New York ilikuwa imeweka bei ya senti 9 kwa kwati, na Nebbia aliuza kwati mbili pamoja na mkate wa senti 5, vyote kwa senti 18. Kwa kura tano dhidi ya nne alishindwa, na Jaji Owen Roberts akaitupa ile hesabu ya Hale na Waite kuhusu biashara zenye maslahi ya umma na zisizo nayo. Jimbo linaweza kudhibiti biashara yoyote, mradi lina sababu ya maana. Field, aliyekufa mwaka 1899, alikuwa ametabiri hivyo hivyo, ingawa kwa uchungu.

Ugomvi wa bei ukapoa baada ya hapo. Mlango wa Young haukufungwa, na waliopita humo baadaye hawakufanana kabisa na wanahisa wa reli. Baada ya hukumu ya 1954 iliyokataza ubaguzi wa rangi mashuleni, wazazi weusi wa majimbo ya kusini hawakuweza kulishtaki jimbo. Waliwashtaki maofisa, mmoja mmoja kwa jina. Septemba 1957 gavana Orval Faubus wa Arkansas alipewa zuio na jaji wa shirikisho, na askari wa jimbo waliokuwa wakiwazuia wanafunzi tisa weusi kwenye sekondari ya Little Rock wakaondolewa.

Watunga sheria nao walijifunza. Kama zuio humfuata ofisa anayetekeleza, basi iandikwe sheria isiyo na ofisa wa kuitekeleza. Mwaka 2021 jimbo la Texas lilifanya hivyo katika sheria ya utoaji mimba iliyozilenga kliniki: liliwakataza maofisa wake kuigusa, na likampa mtu yeyote ruhusa ya kumfungulia kesi ya madai mtoa huduma na kudai angalau dola 10,000. Kliniki zilikwenda Mahakama ya Juu zikiwa na kesi ya 1908 mkononi. Desemba mwaka huo majaji walisema Mwanasheria Mkuu hawezi kuzuiwa, wala makarani wa mahakama za jimbo. Wakaacha upenyo mmoja tu, wa maofisa wa leseni za kitabibu. Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema maofisa hao nao hawana mamlaka ya kuitekeleza sheria hiyo, na kesi ya kliniki ikakosa mtu wa kushtakiwa.